Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya ya uzazi: dawa za kupevusha mayai zisitolewe kwa kubahatisha

Kwa waheshimiwa mnaosimamia wizara za afya, mamlaka za dawa, mifuko ya bima ya afya, mabaraza ya madaktari na wauguzi, na hospitali zinazohudumia wanawake, popote mlipo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwanamke niliyemeza dawa ya kupevusha mayai kwa miezi tisa mfululizo bila mtu yeyote kuangalia kama kulikuwa na yai hata moja lililopevuka. Sikununua dawa hiyo kwa mchuuzi wala sikujitibu mwenyewe. Nilikuwa na cheti kilichoandikwa na daktari, na kila mwezi nilirudi kuandikiwa kingine. Dawa ilikuwa klomifeni, kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku, kuanzia siku ya pili ya hedhi hadi ya sita. Mwezi wa nne vidonge vikawa viwili kwa siku. Mwezi wa saba vikawa vitatu, na agizo hilo nilipewa kwa simu.

Nilikuwa na kalenda niliyoibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati, mahali ambapo mgeni asingeiona. Siku za dawa nilizitia alama kwa kalamu nyekundu, na siku ambazo mimi na mume wangu tuliagizwa tukutane nilizizungushia duara. Mwezi wa tano nilianza kuona vimulimuli pembeni mwa macho kila nilipotoka kivulini kwenda juani. Nilipouliza, niliambiwa nivumilie, kwamba hiyo ni dalili ya dawa kufanya kazi. Baadaye sana nilijifunza kwamba matatizo ya kuona ni sababu ya kumwachisha mgonjwa klomifeni na kumchunguza macho, na kwamba niliyopaswa kuambiwa siku ile ni kinyume kabisa cha niliyoambiwa.

Baada ya miezi hiyo tisa nilikwenda kituo kingine. Muuguzi aliyenipokea, dada mmoja wa rika langu, alitaka aone majibu ya vipimo vilivyofanywa nilipokuwa natumia dawa. Sikuwa na jibu hata moja la kumpa. Hakunilaumu. Alifunga faili langu tupu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa dada yangu, walijuaje kama yai lilitoka?"

Swali hilo sijaacha kulifikiria, na leo nalileta kwenu, kwa sababu daktari aliyeniandikia dawa hakuwa mtu mbaya. Alifanya kile ambacho mfumo mnaousimamia unamruhusu afanye, unachomlipa afanye, na usichomuuliza akishakifanya.

Shirika la Afya Duniani linaitambua hali ya kutopata ujauzito baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga kuwa ni ugonjwa wa mfumo wa uzazi, wa mwanamume au wa mwanamke. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hupatwa na hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Kwa takribani robo ya wanandoa wanaotafuta matibabu, tatizo hupatikana katika kupevuka kwa yai: ama halipevuki kabisa, ama hupevuka mara chache na bila mpangilio. Nalisema hili mapema ili isidhaniwe kwamba nazipinga dawa zenyewe. Kwa mwanamke ambaye shida yake ni hiyo, na ambaye mirija yake imefunguka na mwenzake ana mbegu za kutosha, kupevusha mayai ni mojawapo ya tiba zenye matumaini makubwa katika uwanja mzima wa uzazi. Ni tiba nyepesi ikilinganishwa na utungishaji wa mimba maabara, na vidonge vyake si adimu. Uchungu wangu ni kuona tiba nzuri namna hii ikigeuzwa kuwa bahati nasibu.

Mayai hukosa kupevuka kwa sababu ambazo hazifanani. Wapo wanawake ambao ubongo na tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hazitumi kabisa ujumbe kwa ovari, kwa mfano waliokonda kupita kiasi au wanaofanya mazoezi makali sana. Wapo ambao ujumbe unatumwa lakini mpangilio wake umevurugika, na hili ndilo kundi kubwa kuliko yote, ambamo wamo wengi wenye vifuko vingi katika ovari, ugonjwa ambao tunaujua zaidi kwa herufi zake, PCOS. Wapo pia ambao akiba ya mayai imekwisha mapema, na ovari haziitikii hata zikiitwa kwa sauti kubwa. Halafu wapo wenye homoni ya prolaktini iliyopanda, au tezi ya thairoidi isiyofanya kazi sawasawa, ambao wakitibiwa tatizo hilo mayai hurudi yenyewe, mara nyingi bila kuhitaji dawa yoyote ya kuyachochea. Mwanamke mwenye prolaktini ya juu anahitaji dawa ya kuishusha, kabegolini au bromokriptini. Mwanamke ambaye pituitari yake imelala hawezi kusaidiwa na klomifeni, kwa kuwa dawa hiyo huitegemea pituitari iwe macho. Na yule ambaye mayai yamekwisha, kila kidonge anachopewa ni siku anayoporwa, siku ambayo angeitumia kufikiria njia nyingine akiwa na ukweli mkononi.

Wanawake hawa wote, waheshimiwa, huingia mlangoni wakisema neno lilelile: hedhi yangu haieleweki na sipati mtoto. Vipimo vichache vya damu na picha moja ya ultrasaundi ndivyo vinavyowatenganisha. Pale ambapo vipimo hivyo havitakiwi kabla ya cheti kuandikwa, wote huondoka na kidonge kimoja.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, kwa maana anayeamua juu yake anapaswa kujua anaamua juu ya nini. Klomifeni huuhadaa ubongo. Hukaa kwenye vipokezi vya estrojeni, yaani mahali ambapo homoni hiyo ya kike hujishikiza, ubongo ukadhani kwamba estrojeni imepungua mwilini, na pituitari ikaongeza homoni ya kukuza vifuko vya mayai. Tatizo ni kwamba vipokezi hivyo haviko kwenye ubongo peke yake. Ukuta wa mji wa mimba nao unavyo, na kwa baadhi ya wanawake ukuta huo hubaki mwembamba na ute wa mlango wa kizazi hupungua, hata ikawa yai limetoka lakini njia na makazi yake havikuandaliwa. Letrozoli, kidonge kingine cha kupevusha mayai, hupitia njia nyingine. Hupunguza utengenezaji wenyewe wa estrojeni kwa siku chache, pituitari ikaitikia, kisha dawa ikatoka mwilini upesi, nusu yake ikiwa imekwisha baada ya siku mbili hivi. Kwa kawaida kifuko kimoja ndicho hukua hadi mwisho, na ukuta wa mji wa mimba haudhuriki kwa namna ileile.

Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio lililofanyika Marekani kwa wanawake 750 wenye PCOS, ambamo nusu walipewa klomifeni na nusu letrozoli, kwa mizunguko isiyozidi mitano. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni. Matokeo hayo ndiyo yaliyochangia sana miongozo ya kimataifa ya PCOS, ule wa 2018 na ule wa 2023, kuitaja letrozoli kuwa chaguo la kwanza. Lakini ndani ya jaribio hilo kuna hesabu nyingine ambayo mimi, kwa niliyopitia, niliisoma mara tatu. Katika mizunguko 1,425 ya wanawake waliotumia klomifeni, yai lilitoka katika mizunguko 688, sawa na asilimia 48.3. Katika zaidi ya nusu ya mizunguko hiyo halikutoka. Hawa walikuwa wanawake waliochaguliwa kwa uangalifu, waliopimwa kila mzunguko, na ambao dozi zao zilibadilishwa kulingana na majibu. Sasa fikirieni wale ambao hawapimwi. Wanaambiwa wakutane na waume zao siku fulani na fulani, wanahesabu siku, wanasubiri, hedhi inakuja au haiji, wanalia, wanaanza tena, na inawezekana muda wote huo hapakuwa na yai la kusubiriwa.

Nilipopimwa mara ya kwanza nikiwa nimemeza vidonge vitatu kwa siku, ndivyo ilivyokuwa kwangu. Vifuko vyote vilikuwa vidogo, vimepangana pembeni mwa ovari kama shanga, hakuna hata kimoja kilichokuwa kimejitenga kukua. Dawa haikuwa ikinifaa, na haikuwa imenifaa kwa miezi tisa. Miezi miwili baadaye, nikiwa natumia letrozoli, dada yuleyule alikigeuzia kioo cha mashine upande wangu nione. Kulikuwa na doa jeusi la mviringo, limetanda peke yake. Akaweka alama ndogo upande huu, nyingine upande ule, mashine ikasoma milimita 19. "Hilo ndilo," akasema. Nilikuwa na miaka 34 na nilikuwa naliona yai langu likijiandaa kwa mara ya kwanza. Mzunguko wa tatu ndio ulioshika, na mtoto wetu sasa anajifunza kusoma.

Sikuandika haya ili nionekane mtu wa bahati. Kwenye benchi la kusubiria nilikaa mara kadhaa na mwanamke aliyekuwa ametumia dawa ya kupevusha mayai mwaka mzima na miezi miwili. Hedhi yake ilikuwa imenyooka siku zote, na mayai yake, kama ilivyoonekana baadaye, yalikuwa yakitoka bila msaada. Picha ya mirija ilipopigwa, yote miwili ilikuwa imeziba. Alianza vidonge akiwa na miaka 38 na alijua ukweli wa mirija yake akikaribia 40, umri ambao kila mwaka unaopotea unapunguza nafasi ya utungishaji maabara kufanikiwa, na hiyo ndiyo njia pekee iliyokuwa imebaki kwake. Hakupiga kelele. Alikuwa akiikunja na kuikunjua ile bahasha ya picha mpaka kingo zake zikachakaa. Mume wake hakuwa amewahi kuombwa kipimo cha mbegu, na hapa nitasema wazi: katika mambo yote niliyoyaona, hili ndilo linaloniudhi kuliko mengine. Upande wa mwanamume huchangia katika takribani nusu ya kesi zote za kukosa mtoto, kipimo chake hakina sindano wala maumivu, na bado mwanamke hupewa dawa miezi na miezi kabla ya mwenzake kupewa kikopo.

Ninachoomba kwenu kina kiini kimoja, na mengine yote yanatoka humo. Pasiwe na cheti cha dawa ya kupevusha mayai kisichotanguliwa na uchunguzi wa wote wawili, na pasiwe na mzunguko wa dawa usiokuwa na njia ya kujua kilichotokea. Kwa mwanamume, kipimo cha mbegu. Kwa mwanamke, vipimo vya homoni vinavyoonyesha yuko kundi gani, ultrasaundi ya ovari na mji wa mimba, na uhakika wa mirija, ambao kwa asiye na historia ya maambukizi ya nyonga, upasuaji au mimba iliyotunga nje unaweza kusubiri mizunguko michache ya mwanzo, lakini hauwezi kusubiri mwaka. Wakati wa matibabu, angalau mzunguko wa kwanza ufuatiliwe kwa ultrasaundi, na vivyo hivyo kila dozi inapobadilishwa, ili ijulikane kama kuna kifuko kinachokua, na kama vinakua vingi kupita kiasi wenzi hao waambiwe wasikutane bila kinga mwezi huo. Tena pawe na kikomo kinachojulikana. Mizunguko sita ya klomifeni iliyopevusha yai bila mimba kushika ni ishara ya kugeuza njia, na mwanamke ambaye yai lake halikutoka hata kwa dozi ya juu hana haja ya kungoja hata hiyo sita.

Kuhusu kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, nina ombi dogo ambalo halitagharimu chochote isipokuwa waraka mmoja. Kipimo hicho kimezoeleka kuitwa cha siku ya 21, na namba hiyo imegeuka sheria. Imetokana na mzunguko wa siku 28, ambao yai linatarajiwa kutoka siku ya 14 na homoni hiyo kufika kilele siku saba baadaye. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21, huenda anapimwa siku ileile ambayo yai ndiyo kwanza linatoka, na karatasi itasema hakuna kitu. Ataongezewa dozi ambayo haikuhitajika. Kwake kipimo kilipaswa kuwa siku ya 28, yaani siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Nimekutana na wanawake walioambiwa hawapevushi mayai kwa msingi wa karatasi kama hiyo, na hakuna aliyewauliza mizunguko yao ina siku ngapi. Vijiti vya mkojo vya kubashiri yai navyo visichukuliwe kuwa mbadala kwa wenye PCOS, kwa sababu homoni ambayo vijiti hivyo huitafuta mara nyingi iko juu kwao hata siku ambazo hakuna yai.

Najua nitaambiwa kwamba mashine za ultrasaundi ni chache na wataalamu ni wachache zaidi. Nalikubali hilo kuwa kweli katika sehemu nyingi za dunia. Lakini mashine inayomhudumia mama mjamzito ndiyo hiyohiyo inayoweza kupima kifuko cha yai, ikiwa na kifaa cha kupimia kwa ndani, na kupima kifuko ni kazi ambayo wauguzi na wakunga waliofundishwa wanaiweza. Aliyenipima mimi alikuwa muuguzi. Pale ambapo hata hilo haliwezekani kwa sasa, kipimo cha damu kilichofanywa siku sahihi kinatosha kujibu swali la msingi, na mgonjwa ambaye majibu yake yanaonyesha kwamba hakuna yai apewe rufaa badala ya kuongezewa kidonge kimya kimya.

Kwenu mnaosimamia bima na bajeti, nina neno la pekee, kwa kuwa naamini chanzo kikubwa cha haya yote kiko mezani kwenu. Mara nyingi kidonge hupatikana kwa urahisi, na kinachokosa wa kukilipia ni kuangalia kidonge hicho kimefanya nini, kwa sababu uchunguzi wa ugumba huhesabiwa kuwa anasa. Hapo mgonjwa asiye na uwezo huchukua anachokimudu, yaani dawa, na kuacha asichokimudu, yaani kujua. Ninaomba malipo ya dawa hizi yaunganishwe na malipo ya ufuatiliaji wake, viwe huduma moja isiyogawanyika, kama ambavyo hakuna anayelipia dawa ya usingizi ya upasuaji akaacha kumlipia mtu wa kumwangalia mgonjwa aliyelazwa usingizi.

Kwenu mnaosimamia dawa, naomba mliangalie suala la letrozoli. Katika sehemu nyingi bado imesajiliwa kwa saratani ya matiti peke yake, na matumizi yake kwa ajili ya uzazi hufanyika nje ya usajili. Madaktari wanajua, lakini wanawake hawaambiwi. Usiku wa kwanza nilipofungua boksi langu nilikunjua kile kikaratasi chembamba cha ndani, nikasoma neno saratani, nikasoma onyo kwa wajawazito, nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Niliwaza kwamba wamenificha ugonjwa. Ningeweza kuitupa dawa hiyo, na ninawajua walioitupa. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 2005 taarifa fupi iliyowasilishwa kwenye mkutano wa kitaalamu ilizua wasiwasi kuhusu kasoro kwa watoto, na India ikapiga marufuku letrozoli kwa matibabu ya ugumba mwaka 2011, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliolinganisha watoto 911, ulikuta kasoro kwa asilimia 2.4 ya watoto wa letrozoli na asilimia 4.8 ya watoto wa klomifeni. Jaribio la 2014 nalo halikuonyesha tofauti ya maana kati ya dawa hizo mbili katika jambo hilo. Ninachoomba ni kwamba matumizi haya yatambuliwe rasmi, na kila mwanamke akabidhiwe karatasi moja kwa lugha anayoisoma, inayomweleza kwa nini amepewa dawa hii, aimeze siku zipi, aache lini, na dalili gani zimrudishe hospitali usiku uleule.

Klomifeni nayo huuzwa kwenye maduka ya dawa kwa watu wasio na cheti, wakiwemo wanawake wasio na tatizo lolote la uzazi ambao wameambiwa kwamba hiyo ni dawa ya mapacha. Ni kweli kwamba mimba za mapacha huongezeka, takribani 5 hadi 8 katika kila mimba 100 za klomifeni. Lakini mimba ya pacha huja na hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu la ujauzito, kujifungua kabla ya wakati na watoto wenye uzito pungufu. Mwuza duka hatakuwepo siku hiyo.

Juu ya sindano za homoni nitasema kwa ukali zaidi, kwa sababu hapo kosa huweza kuua. Sindano hizi huenda moja kwa moja kuzichochea ovari bila kupitia kwenye breki za ubongo. Zikitolewa kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, na kifuko kikapimwa kila baada ya siku chache, zinawafaa sana wanawake walioshindikana kwa vidonge na wale ambao pituitari zao zimelala. Zikitolewa bila kupima, ovari zinaweza kuvimba, maji yakajaa tumboni na wakati mwingine kifuani, damu ikawa nzito na kuganda kwenye mishipa. Mwanamke huyo anaweza kudhani ni gesi tumboni. Kituo kisicho na ultrasaundi, au chenye nayo lakini kisicho na mtu mwenye ujasiri wa kumwambia mgonjwa aliyekwisha kulipa kwamba mwezi huu sindano ya mwisho, ile ya kulitoa yai, haitatolewa kwa sababu vifuko vimekuwa vingi, hakistahili kibali cha kutoa tiba hii.

Na tafadhali wekeni kumbukumbu. Kati ya mwaka 1967 na 1985, Australia ilikuwa na mpango wa serikali ambamo wanawake walipewa homoni zilizotolewa kwenye tezi za pituitari za marehemu ili mayai yao yapevuke. Ilikuwa tiba ya matumaini, na watoto walizaliwa. Miaka baadaye baadhi ya wanawake hao walikufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, ulioambukizwa na homoni hizo. Dawa za leo hazitoki huko, na simtishi mtu kwa kulitaja. Ninalitaja kwa kuwa hakuna aliyefikiri wakati ule kwamba siku moja ingehitajika kumtafuta kila mwanamke aliyedungwa sindano. Leo, katika vituo vingi, hatuwezi kusema hata ni wanawake wangapi waliopewa klomifeni mwaka jana, wangapi walipevusha, wangapi walijifungua. Mimi mwenyewe simo katika hesabu ya mtu yeyote kwa miezi tisa.

Neno la mwisho ni kuhusu uzito wa mwili, na nalileta kwa sababu wengi wetu hufukuzwa nalo. Ni kweli kwamba kwa mwanamke mwenye uzito mkubwa na PCOS, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi na kuisaidia dawa. Lakini kumwambia mtu akapungue kisha arudi, bila mtaalamu wa lishe, bila mpango, bila tarehe, ni kumfungia mlango kwa maneno ya kitabibu, hasa ikiwa ana miaka 36 na huo mwaka wa kupungua hana.

Ninaomba kila mmoja wenu mwenye mamlaka juu ya hospitali, dawa au fedha atoe jibu la maandishi kwa swali la yule muuguzi: katika vituo mnavyovisimamia, mtoa dawa anajuaje kama yai lilitoka? Mkinihitaji, nitakuja mbele ya kamati yoyote. Vyeti vyangu vya miezi tisa ninavyo, na kalenda ile sijaitupa, ina alama zake nyekundu na miduara yake yote.

Wasalaam,

Mama mmoja aliyetibiwa